Vidole Viwili Chini ya Fundo

Shangazi aliyenilea alisali ameketi. Kiti chake kilikuwa cha mbao, kifupi, kimewekwa pembeni ya mkeka, na sisi watoto tulikatazwa kukikalia. Wageni wakiuliza alijibu "magoti", nasi tuliamini ni magoti, ingawa magoti hayohayo yalimpeleka kisimani na kumrudisha na ndoo kichwani kila alfajiri. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipoambiwa ukweli, tena na mdogo wake, wiki chache baada ya mazishi. Akiinama kurukuu, mkojo ulimponyoka. Akisujudu, ulizidi. Udhu ukitenguka katikati ya rakaa, mtu arudi kwenye birika aanze upya, na nyumba nzima ijiulize kulikoni. Akaona heri kiti.

Alikuwa amezaa mara saba. Mtaani kwetu hilo lilitosha kueleza kila kitu: ndivyo uzazi ulivyo. Wenzake walikuwa na mbinu zao. Kanga mbili badala ya moja. Kukaa karibu na mlango kwenye shughuli. Kubana mapaja kabla chafya haijatoka. Kuondoka ngomani mapema, mtu akisingizia usingizi. Hakuna aliyewaambia kwamba wapo watu ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakinoa mikono yao kwa ajili ya shida hiyohiyo, wakirithishana makosa na masahihisho, mpaka kazi yenyewe ikawa miongoni mwa kazi za mkono zenye kipimo chembamba kuliko zote ninazozijua. Ninataka kuieleza kazi hiyo taratibu, kwa sababu ni ya taratibu.

Inaanza na masikio. Daktari mzuri wa shida hii hashiki kisu kabla hajauliza na kungoja jibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkojo unakutoka ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua mzigo? Au unakubana ghafla, ukakutoka ukiwa njiani kukimbilia choo?"

Maswali hayo mawili yanafanana kwa asiyejua, lakini ni magonjwa mawili. La kwanza ni la kuta na sakafu: kishindo kinatoka tumboni, mlango haustahimili. La pili ni la kibofu chenyewe kinachojikamua bila kuamriwa, na kisu hakikitulizi. Pengine hukichochea zaidi. Wanawake wengi wana yote mawili, na hapo ndipo subira inapohitajika, kujua lipi linamtesa zaidi. Kisha mama anaombwa akohoe kibofu kikiwa kimejaa, daktari akitazama kwa macho yake. Kipimo cha zamani mno, na bado kinaheshimiwa. Mkojo unaochomoka papo hapo na kikohozi, ukakoma nacho, umesema kilicho muhimu.

Hata hapo kisu kinasubiri. Mwaka 1948 daktari wa Kimarekani Arnold Kegel aliandika juu ya mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile ambayo mwanamke huitumia anapokatiza mkojo. Yakifanywa kwa bidii kwa miezi mitatu, chini ya jicho la anayejua kuyafundisha, wengine hupona na hawahitaji thieta kabisa. Ninayapita haraka kwa kuwa habari yangu ni ya mikono, ila mpasuaji asiyeyataja kwa mgonjwa wake hanivutii.

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita nne hivi, mfupi kuliko kidole gumba. Kwa miaka mingi madaktari walidhani ukivuja basi umeshuka, kwa hiyo upandishwe. Au umelegea, kwa hiyo ubanwe. Mwaka 1994 John DeLancey wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye kwa miaka mingi alichunguza miili ya marehemu safu kwa safu, alieleza jambo ambalo mtu yeyote mwenye mpira wa kumwagilia bustani anaweza kulijaribu. Kanyaga mpira huo juu ya sakafu ya saruji: maji yanakatika. Ukanyage juu ya tope: mpira unazama, maji yanaendelea kutoka. Mguu ni uleule na mpira ni uleule. Kilichobadilika ni kilichoko chini. Mwanamke anapokohoa, shinikizo la tumbo linaukandamiza mrija juu ya tabaka la nyama na utando lililoko chini yake. Tabaka likiwa imara, mrija unajifunga wenyewe. Uzazi ukilivuta na kulichana, mrija unakandamizwa juu ya tope.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini wapasuaji bora hawaushiki mrija. Wanautengenezea sakafu. Sakafu hiyo haina kazi mama anapopika, anapolala, anapokwenda haja. Inakaa tu, ikisubiri kikohozi.

Sakafu inayojengwa ni mkanda mwembamba unaopita chini ya mrija na kupanda pande zote mbili. Madaktari wa Kizungu wameupa jina la kitambaa kinachoning'iniza mkono uliovunjika. Naona Kiswahili kina neno linalofaa zaidi: mbeleko. Mtazame mama akimbeba mtoto. Anainama, mtoto analala juu ya mgongo, kanga inarushwa juu yake, ncha zinakutana kifuani, fundo linapigwa. Kisha anajitikisa kidogo, anapeleka mkono nyuma, anahisi. Mbeleko iliyokazwa inamzuia mtoto kupumua, na iliyolegea inamwangusha. Hakuna rula inayopima kati ya hayo mawili, na hakuna mama anayeihitaji. Mkono wake unajua, kwa kuwa umefundishwa na mkono mwingine.

Zipo njia kadhaa za upasuaji huu. Ninayoipenda, na sifichi kwamba ninaipenda, ni ile ambayo mbeleko inakatwa kutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Mama amelala chali, miguu imepandishwa kwenye vishikilio, kiuno kimekufa ganzi kwa sindano ya mgongoni. Mpira wa mkojo umeingizwa, na puto lake dogo limejazwa maji ndani ya kibofu. Mpasuaji anakata mkato wa kulala juu kidogo ya mfupa wa kinena, mahali ambapo nywele zitauficha baadaye. Anapita ngozi, anapita mafuta, mpaka anafika kwenye utando unaofunika misuli ya tumbo. Ni mweupe, unang'aa kama upande wa ndani wa gamba la chaza, na ukiutazama kwa karibu unaona nyuzi zake zimelala kuelekea upande mmoja. Fundi cherehani anayejua kazi hachani kitambaa kabla hajauona uzi wake unakwenda wapi, na hapa ni vivyo hivyo: mkanda ukatwe kufuata nyuzi, maana uliokatwa kinyume chake huchanika unapovutwa. Urefu wa sentimita 8 hadi 10, upana wa moja na nusu hadi mbili. Ukipanuliwa kupita hapo, kingo zilizobaki tumboni hazitakutana vizuri, na mama atapata ngiri badala ya kukauka.

Mkanda unawekwa katika maji ya chumvi. Msaidizi anaukwangua mafuta polepole hadi ubaki utando mtupu. Kila ncha inapitishwa uzi imara, mishono ikichukua upana wote wa ncha ili isije ikachanika, na mikia ya nyuzi inaachwa mirefu. Pengo la tumboni linashonwa. Dakika hizi hazina msisimko wowote kwa mtazamaji, na bado ningeweza kuzitazama siku nzima. Kitu kilichokuwa sehemu ya tumbo kimelala kwenye bakuli, chembamba kama utepe wa nywele wa msichana, kikingoja kazi mpya.

Kisha mpasuaji anahamia chini. Anauvuta mpira wa mkojo kwa upole mpaka puto liguse, na kwa kidole anaisikia shingo ya kibofu iko wapi. Kusikia ndiyo neno: kwa muda mrefu wa kazi hii macho yanafuata na kidole ndicho kinachoongoza. Anadunga maji chini ya ngozi ya mbele ya uke ili tabaka ziachane, anakata, anaanza kutenganisha. Tabaka la haki ni jeupe na linavuja damu kidogo. Ukipita juu mno, unatoboa ngozi. Ukienda ndani mno, unaingia kwenye mrija au kibofu. Mkasi unaelekezwa kwenye bega la mgonjwa la upande uleule, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto, kwa sababu njia hiyo inaukwepa mrija. Mwishoni kidole kinapenya nyuma ya mfupa, mahali pa mafuta laini na mishipa ya damu inayochukia harakaharaka.

Hapo sindano ndefu inashushwa kutoka tumboni, ikiambaa mgongo wa mfupa wa kinena bila kuuacha hata unywele. Kidole kinaipokea kutoka chini. Kwa sekunde kadhaa ncha ya sindano na ncha ya kidole zinatafutana gizani, na mtu mmoja ndiye mwenye zote mbili. Zikikutana, sindano inasindikizwa mpaka nje. Upande wa pili, vilevile.

Halafu anachungulia. Kibofu kinajazwa maji, kamera nyembamba inaingizwa, kuta zinakaguliwa, hasa juu kulia na juu kushoto ambako sindano zimepita. Ikiwa sindano imetoboa, inaonekana iking'aa ndani ya maji. Inatolewa na kupitishwa upya, mpira wa mkojo unaachwa siku chache zaidi, kibofu kinajiziba. Hilo huwapata hata mabingwa. Ninachokistahi ni ule utaratibu wa kutazama kila mara, hata mkono unapokuwa na hakika, hata siku ikiwa ndefu na orodha bado haijaisha.

Mkanda unavutwa mahali pake, unatandazwa chini ya shingo ya kibofu, unashikizwa kwa nyuzi nyepesi usijikunje. Mikia ya nyuzi imetokeza tumboni. Kilichobaki ni fundo.

Fundo hilo ndilo linalomtofautisha mwanafunzi na bingwa. Nyuzi zinafungwa juu ya utando wa tumbo, na kabla hazijafungwa msaidizi anaweka vidole viwili chini yake, kama mtu anayepima mkanda wa suruali baada ya mlo mkubwa. Fundo linapigwa juu ya vidole. Vidole vinatolewa. Chini, kati ya mbeleko na mrija, chombo chembamba kipite bila kusukumwa. Mkanda hauugusi mrija kwa nguvu yoyote. Umelala tu karibu yake.

Mwanafunzi hatulii. Mgonjwa huyu amelowa kwa miaka 12, ameuza mbuzi afike hapa, na unaniambia nimwachie fundo legevu? Mkono wote unataka kukaza. Na akikaza, kesho yake mama atakuwa mkavu kabisa, mkavu wa kupigiwa vigelegele, na siku mbili baadaye itagundulika kwamba hawezi kukojoa. Atahitaji mpira. Atarudi kwa mpira huohuo wiki baada ya wiki, au kibofu kilichozibiwa mlango kitaanza kujikamua ovyo, na sasa atakuwa na ugonjwa wa pili aliopewa na daktari. Wengine hurudishwa thieta mbeleko ikatwe. Ukavu wa siku ya kwanza ni shahidi asiyeaminika, na kuna wapasuaji waliochukua nusu ya maisha yao ya kazi kulijua hilo.

Historia yote ya upasuaji huu naiona kama historia ya kujifunza kulegeza. Mwaka 1914, Baltimore, Howard Kelly na William Dumm walieleza mishono ya kukunja nyama chini ya shingo ya kibofu, kama fundi anavyopunguza kiuno cha gauni. Ilishika, kisha kwa wengi ikaachia. Mwaka 1942, New York, Albert Aldridge aliteremsha vipande vya utando wa tumbo bila kuvikata kutoka kwenye asili yao, akavikutanisha chini ya mrija. Hiyo ndiyo mama wa mbeleko ninayoieleza. Miaka saba baadaye Marshall, Marchetti na Krantz waliamua kuning'iniza: wakafungua tumbo, wakashona pembeni mwa mrija na kuufungia moja kwa moja nyuma ya mfupa wa kinena. Wagonjwa walikauka, ila baadhi yao mfupa ulivimba na kuuma mno, na mrija uliobandikwa mfupani si mrija ulio huru.

Kisha kuna kisa cha John Burch wa Nashville, ninachokipenda kwa sababu kinaanza na kushindwa. Alikuwa katikati ya upasuaji wa namna ya Marshall, na nyuzi zilikataa kushika kwenye ngozi ya mfupa. Mgonjwa yuko wazi mezani. Burch akatafuta mahali pengine, akajaribu ukano mmoja, na baadaye akatulia kwenye mwingine, ule mgumu unaopita juu ya mfupa wa kinena na wenye jina la Astley Cooper wa Uingereza. Hapo uzi ulishika kama ndoana kwenye mwamba. Aliandika habari zake mwaka 1961, na njia yake ikatawala kwa zaidi ya kizazi kizima.

Hata hivyo waliomfuata walikaza. Wakavuta mpaka uke ugusane na ukano. Ilibidi aje Emil Tanagho, mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi California, mwaka 1976, kusema: mishono iwekwe mbali na mrija, na uzi usivutwe mpaka mwisho, uachwe uning'inie kama kamba ya nguo, na kati ya mrija na mfupa vidole viwili vipite. Vidole viwili tena. Watu waliofanya kazi katika miji tofauti, kwa njia tofauti, wamefikia kipimo kilekile, na kipimo chenyewe ni kiungo cha mwili wa mtu. Kila mara nikifika hapa nastaajabu upya.

Njia hizi mbili, ya Burch na ya mbeleko, zilishindanishwa rasmi Marekani kwa wanawake 655, na majibu yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miaka miwili, kwa mkojo wa kukohoa pekee, mbeleko ilifanikiwa kwa asilimia 66, Burch asilimia 49. Lakini wenye mbeleko walipata zaidi maambukizi ya njia ya mkojo, shida ya kukojoa, na kubanwa ghafla. Nazitaja tarakimu hizi kwa sababu kuistahi kazi kunadai kuitazama yote. Mwanamke anayeambiwa kwamba atapona kabisa amedanganywa, hata kama anayemwambia ana mikono ya dhahabu.

Kati ya hapo alikuwa ametokea Ulf Ulmsten wa Uppsala, Uswidi. Yeye na Peter Petros wa Australia walihoji kwa nini sakafu ijengwe kwenye shingo ya kibofu wakati mrija unajifungia katikati yake. Katikati ya miaka ya 1990 Ulmsten alitoa njia ya utepe wa plastiki, uliofumwa kwa nyuzi kama chandarua, upana wa sentimita moja hivi, ukipitishwa kwa mikato midogo mno. Dawa ya ganzi ilikuwa ya eneo lile tu. Mgonjwa alikuwa macho, na hilo ndilo lililonishika.

Kibofu kinajazwa maji. Daktari anamwomba mama akohoe, palepale mezani. Maji yanachuruzika. Utepe unavutwa kiasi cha upana wa uzi. Kohoa tena. Yanapungua. Kidogo tena. Kohoa. Inapobaki tone moja pembeni ya mdomo wa mrija, daktari anaacha. Tone lile halifukuzwi. Limeachwa makusudi, na ndilo kipimo. Kisha mkasi unawekwa kati ya utepe na mrija kama kabari, ili ala ya plastiki inapovutwa nje utepe usikaze kwa bahati mbaya. Sijui kazi nyingine ya upasuaji ambayo mgonjwa ni mwenzi wa fundi kwa kiasi hiki, mmoja akikohoa na mwingine akisikiliza kwa vidole.

Njia hiyo ilienea duniani kote na mamilioni ya wanawake waliwekewa utepe. Nusu saa, mikato midogo, nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Wengi walipona na wamepona hadi leo. Wengine, utepe ulitokeza ndani ya uke, au ulikwangua mrija, au uliwaachia maumivu yasiyokoma. Na plastiki iliyokwisha kushikana na nyama haitoki kama ilivyoingia. Walipolalamika, wengi waliambiwa ni mawazo yao. Scotland ilisimamisha matumizi mwaka 2014, England mwaka 2018, na mwaka 2020 tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege ikatoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba wanawake hawakusikilizwa. Katika nchi nyingine utepe unaendelea kutumika, na wapo mabingwa ninaowaheshimu wanaoutetea.

Mimi nafikiria zaidi kilichotokea mikononi. Utepe ulikuwa mwepesi kufundishwa, kwa hiyo kizazi kizima cha wapasuaji kilijifunza huo na kuacha kukata mkanda wa tumboni au kushona kwa Burch. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walisema. Utepe uliposimamishwa, vijana walilazimika kurudi kwa wazee waliokaribia kustaafu na kusimama pembeni ya meza, wakitazama vidole viwili vikiwekwa chini ya fundo. Kazi ya mkono haikai kitabuni. Ikirukwa na kizazi kimoja inakuwa imeponea kwenye mikono michache, na mikono huzeeka.

Sehemu moja ambako haikurukwa ni kwetu, upande huu wa Afrika, na sababu yake inauma. Huku wapo wanawake ambao uchungu wa siku tatu, nne, bila upasuaji wa kumtoa mtoto, umewaachia tundu kati ya kibofu na uke. Fistula. Tundu likizibwa, kazi haijaisha kila mara. Wauguzi wa wodi za fistula wanaujua uso wa mama aliyeambiwa kwamba tundu limefunga, kisha akasimama na mkojo ukamshuka mapajani. Sakafu yenyewe imekufa pamoja na nyama iliyokandamizwa. Mrija umefupika, pembeni yake kuna kovu gumu kama ngozi ya ngoma. Plastiki hapo ni hatari. Nyama yenye upungufu wa damu haiwezi kuifunika.

Katika Hospitali ya Fistula ya Addis Ababa, iliyoanzishwa na Reginald na Catherine Hamlin mwaka 1974, mbeleko ilibuniwa ndani ya upasuaji uleule wa kuziba tundu. Andrew Browning, Mwaustralia aliyefanya kazi Ethiopia na baadaye akahamia Arusha, alieleza mwaka 2004 namna ya kutafuta mabaki ya misuli kwenye kuta za nyonga, kuyalegeza pande zote mbili bila kuyakatia damu yake, na kuyakutanisha chini ya mrija. Hebu fikiria. Anayeshona hana kitambaa kipya. Ana vipande viwili vilivyonusurika, kimoja kila upande, na inambidi avijue kwa kidole ndani ya kovu, avibembeleze vifike katikati, avishone bila kuvivuta, maana vikivutwa vitakufa.

Katika hospitali hiyohiyo alifanya kazi Mamitu Gashe. Aliletwa kwa akina Hamlin miaka ya mwanzo ya 1960, binti wa kijijini aliyeumizwa na uzazi wake wa kwanza, asiyejua kusoma. Alipotibiwa alibaki, akatandika vitanda, akashika vyombo, akamtazama Reginald Hamlin akifanya kazi. Siku moja alipewa uzi. Baada ya miaka alikuwa anafundisha madaktari waliokuja na shahada zao kutoka mbali, na mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha London kilimpa medali ya dhahabu pamoja na akina Hamlin. Naiweka habari yake pembeni ya nyingine ambayo siwezi kuiruka: katika miaka ya 1840 huko Montgomery, Alabama, James Marion Sims alijifunza kuziba fistula kwenye miili ya wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu tunayo: Anarcha, Betsey, Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30. Ujuzi ninaousifu umepita katika miili yao, na mtu anayeusifu awataje.

Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliwahi kuwatafutia wanawake wa mikoani nauli ya basi kwa kuituma kwa simu, kupitia mabalozi waliokaa vijijini. Na kituo chake cha Mabinti kimewafundisha kushona wanawake waliopona. Nimekuwa nikifikiria hilo nikiandika, mwanamke aliyeshonwa akikaa kwenye cherehani, akijifunza kuona uzi wa kitambaa unakwenda wapi.

Turudi kwa mama wa mbeleko ya tumbo. Imefika asubuhi ya kutoa mpira wa mkojo. Muuguzi amemletea maji mara tatu, ameyanywa. Daktari anapita wodini, na ukimsikiliza utajua amefundishwa na nani. Wanaoanza kujifunza wangeuliza kama kitanda ni kikavu. Huyu anavuta kiti, anakaa usawa wa macho yake, anateremsha sauti ili kitanda cha jirani kisisikie.

"Mama, umepata haja ndogo?"

"Nimepata."

"Imetoka yenyewe, bila kusukuma?"

"Yenyewe, mwanangu. Nyingi."